Habari za Pete ya Umeme Iliyo Juu ya Nyanda za Ufipa

Msafiri apandaye kutoka bonde la Ziwa Rukwa, akaupita ukingo wa milima ya Mbizi na kuufikia mji wa Sumbawanga, hujikuta juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, uwanda wa majani na upepo, ambao miti yake ni michache na mbingu yake ni pana. Na endapo atampata mwenyeji mwema wa kumtembeza mashambani, ataonyeshwa huku na huku vifusi vya udongo mwekundu ulioungua ukawa mgumu kama tofali, pamoja na mavi ya chuma meusi yaliyotapakaa chini. Hayo ni mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya Wafipa yaliyomzidi mtu kimo, ambamo wahunzi wa nchi hii walitoa chuma katika mawe kwa makaa ya miti, bila mivukuto, kwa nguvu ya hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha wakakisafisha kile chuma katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kabla hakijawa jembe au shoka.

Mtu akisogeza dira karibu na mavi hayo ya chuma, aghalabu sindano hutikisika. Lakini shahidi mkubwa zaidi ni ule udongo wa ukuta, kwa kuwa udongo wenye chuma ukipashwa moto mkali kisha ukaachwa upoe, chembe za chuma zilizomo hujipanga kuufuata uga wa sumaku wa dunia wa siku ile ile, zikabaki katika mpango huo kwa mamia ya miaka, mradi udongo usipashwe moto tena wala usiondolewe mahali pake. Kwa njia hii hii mwanazuoni John Tarduno na wenzake, katika makala waliyoitoa mwaka 2015, walisoma sakafu na maghala yaliyoungua katika vijiji vya kale vya bonde la Limpopo, wakapata habari za uga wa sumaku wa kusini mwa Afrika tangu kiasi cha mwaka 1000 hadi 1600. Basi kila ilungu lililosimama Ufipa ni kama daftari ambalo mhunzi aliliandika bila kujua, na kila mvua inayoliangusha inafuta ukurasa.

Nimeanza na matanuri kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia, ingawa yahusu chembe zisizoonekana zinazotembea juu ya vichwa vyetu kwa maelfu na maelfu ya kilomita, ilikuwa habari ya sindano ya dira kabla ya kuwa habari ya roketi. Na tena ni habari ya Afrika Mashariki yetu hii, jambo ambalo nimeona halisemwi ipasavyo, wala shuleni wala magazetini, hata mtu anaweza kumaliza masomo yake yote ya fizikia asisikie kwamba chombo cha kwanza kilichotengenezwa makusudi ili kuipima pete ya umeme ya chembe hizo kiliondoka duniani katika maji ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,100 kutoka hapa Sumbawanga.

Mwaka 1600 tabibu wa Kiingereza, William Gilbert, alitangaza katika kitabu chake kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Miaka 122 baadaye George Graham wa London, fundi wa saa, akiichungulia sindano yake kwa hadubini, aliona kwamba haitulii, bali huyumba kidogo kila siku asubuhi na alasiri. Mwaka 1741 yeye na Anders Celsius, aliyekuwa Uppsala katika Uswidi, walipatana kuzitazama sindano zao wakati mmoja, na siku sindano ya Uppsala ilipofadhaika, ile ya London nayo ilifadhaika. Hapo ikafahamika kwamba mfadhaiko huo si wa mji mmoja wala wa nchi moja. Alexander von Humboldt akaupa jina la tufani ya sumaku, na jina hilo limebaki.

Hata hivyo watu wa nchi za baridi, wakiwa karibu na ncha za dunia ambako mbingu huwaka mianga ya rangi nyakati za usiku, walishughulishwa mno na mianga hiyo, wasiitambue vema tabia ya tufani ilivyo katika nchi za joto. Aliyeidhihirisha ni mtu wa Bombay, ule mji ambao majahazi ya Lamu, Mombasa na Unguja yaliuendea kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Jina lake ni Nanabhoy Moos, mkuu wa kituo cha Colaba, naye mwaka 1910 alitoa uchunguzi wa vipimo vya miaka mingi, tangu 1846 hadi 1905, akaonyesha kwamba tufani inapopiga, nguvu ya uga wa sumaku inayoelekea kaskazini huongezeka ghafula kidogo, kisha hupungua kwa muda wa saa nyingi, na baada ya hapo hurejea polepole kwa siku kadhaa. Katika kituo hicho hicho cha Colaba, wakati wa ile tufani kubwa ya Septemba 1859, nguvu hiyo ilishuka kwa kiasi cha nanotesla 1,600, nao ni mshuko wa ajabu, maana uga wote wa sumaku katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki haupiti sana nanotesla 30,000.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: ni kitu gani kinachoweza kuipunguza sumaku ya dunia nzima, mahali pote penye joto, kwa wakati mmoja? Jibu lililopendekezwa na Carl Størmer wa Norway mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likaendelezwa na Sydney Chapman na mwanafunzi wake Vincent Ferraro kuanzia mwaka 1930, lilikuwa kwamba upo mkondo wa umeme mbali juu, unaoizunguka dunia kwa umbo la pete juu ya ikweta, ukielekea magharibi. Mkondo uendao hivyo huzaa uga wa sumaku wake wenyewe, ambao hapa chini kwetu huwa kinyume cha ule wa dunia, ukaupunguza. Dhana hii ilikuwa safi kwa hesabu, lakini pete yenyewe hapakuwa na mtu aliyeiona, wala aliyejua ni chembe gani ziibebazo, zimetoka wapi, na huishia wapi.

Majibu yalianza kuja ule mwaka wa kimataifa wa elimu ya dunia, 1957 hadi 1958. Satelaiti ya Marekani, Explorer 1, iliyorushwa mwishoni mwa Januari 1958, ilichukua kihesabio cha James Van Allen, na kihesabio hicho kilipofika juu kilizidiwa na wingi wa chembe hata kikanyamaza. Ndipo ikajulikana kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya protoni na elektroni zenye nishati kubwa mno. Mwaka uliofuata Thomas Gold aliipa ile nchi yote itawaliwayo na sumaku ya dunia jina lake la kitaalamu, nami katika makala haya nitaiita himaya ya sumaku, kwa kuwa kwa yakini ni himaya: ina mpaka, ina walinzi, na ina maingilio ya siri.

Jua halitoi nuru peke yake. Hutoa pia upepo wa protoni na elektroni uendao kasi ya kiasi cha kilomita 400 kwa sekunde, ukatufikia kwa muda wa siku nne hivi. Upepo huo unapoikabili sumaku ya dunia, husimamishwa upande wa mchana kwenye umbali wa mara kumi hivi ya nusu kipenyo cha dunia, ukalazimika kupita kando, na upande wa usiku ukaiburuta himaya hiyo ikawa mkia mrefu unaopita hata njia ya mwezi. Katikati ya mkia huo umelala utandu wa chembe zenye chaji, ndio ghala. Na siku upepo wa jua unapokuja umebeba uga wa sumaku ulioelekea kusini, kinyume cha ule wa mpakani mwetu, mlango hufunguka, ghala hutikiswa, na chembe husukumwa kutoka upande wa usiku wa manane kuja karibu na dunia.

Zikishafika karibu hunaswa. Kila chembe huuzunguka mstari wa uga wa sumaku kama mzabibu unaoukumbatia mti. Wakati huo huo hupelekwa kaskazini na kusini, huku na huku, kama uzi wa mfumi wa nguo za pamba, na Wafipa wa zamani waliufahamu sana ufumaji huo. Na juu ya miendo hiyo miwili uko wa tatu, wa taratibu, ambao huzipeleka elektroni kuelekea mashariki na protoni kuelekea magharibi. Kwa kuwa zile za chaji hasi zaenda upande mmoja na zile za chaji chanya zaenda upande wa pili, athari zao hazifutani bali huongezana, na jumla yake ndiyo ile pete.

Louis Frank, kwa vyombo vilivyokuwa katika satelaiti OGO 3 ya mwaka 1966, ndiye aliyezikuta mara ya kwanza chembe zitoshazo kuubeba mkondo huo, nazo si zile kali za Van Allen, zilizo chache mno kwa kazi hiyo, bali ni za nishati ya wastani na wingi mkubwa. Nasema hivi ili nisimdhulumu mtu haki yake. Lakini OGO 3 ilikwenda njia ndefu mno, iliyoinama sana na ikweta, ikaikata pete kila baada ya siku mbili hivi, kama mtu anayetaka kujua mwendo wa gulio kwa kupita mara moja Jumamosi asubuhi. Ilitakiwa satelaiti itakayokaa ndani ya pete yenyewe, ikiipita tena na tena, usiku na mchana. Na ili kukaa ndani ya pete iliyo juu ya ikweta, njia nyepesi ni kurushwa kutoka karibu na ikweta.

Hapo ndipo Waitalia na bahari yetu walipoingia katika habari hii. Mhandisi Luigi Broglio wa Roma alikuwa amesimamisha majukwaa mawili ya chuma yenye miguu ndani ya maji ya ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni: San Marco, jukwaa la kurushia, na Santa Rita, jukwaa la kuongozea, ambalo asili yake lilikuwa la wachimbaji wa mafuta. Mahali penyewe ni latitudo digrii 2 na dakika 56 kusini. Roketi ya kwanza yenye satelaiti iliondoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, na hadi ya mwisho, Machi 1988, satelaiti zilizorushwa zilikuwa tisa. Mashuhuri kuliko zote ni ile iliyoondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, ikapewa jina la Uhuru kwa ajili hiyo, na hiyo ndiyo iliyoandika orodha ya kwanza ya mbingu ya miale ya eksirei. Jina la Kiswahili liliingia katika vitabu vya falaki vya ulimwengu mzima, na ni haki tujivunie.

Mdogo wake, aliyezaliwa hapo hapo miezi kumi na mmoja baadaye, hakupata jina ila nambari. Tarehe 15 Novemba 1971 roketi ya Scout, yenye hatua nne za baruti ngumu, ilipaa kutoka San Marco kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Hindi, ikiwa imebeba satelaiti ya uzito wa kiasi cha kilo 52, sawa na gunia la mahindi ambalo halikujazwa vizuri. Nayo ni Explorer 45. Njia yake ilikuwa imeinama digrii tatu na nusu tu kutoka ikweta. Chini kabisa ilipita kilomita 220 hivi juu ya ardhi, na juu kabisa ilifika karibu kilomita 27,000, ikimaliza mzunguko mmoja kwa muda wa karibu saa nane, kwa hiyo kila siku iliipenya pete mara kadhaa, ikitoka na kuingia. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kuhesabu protoni na elektroni za nishati mbalimbali, vya kupima uga wa sumaku na uga wa umeme, na mashine ya kutunza taarifa ambayo watu wa chini waliweza kuipa maagizo mapya hali ikiwa angani, jambo lililokuwa geni kwa zama zile. Mkuu wa kazi ya elimu alikuwa Robert Hoffman wa shirika la Marekani la anga, NASA.

Sijui kama yupo mtu wa Sumbawanga aliyepata habari za kurushwa kwake. Wakati ule Sumbawanga ilikuwa wilaya ya mkoa wa Mbeya, barabara zake wakati wa mvua zikiwa majaribu, na Novemba ni mwezi ambao mkulima wa Ufipa macho yake yako kwenye mawingu na jembe. Lakini jambo hili ni kweli: siku baada ya siku satelaiti ile ilipanda na kushuka katika mbingu ya kaskazini yetu, ikipita juu ya Ziwa Viktoria, juu ya Kongo na juu ya Bahari ya Hindi, ndogo mno kuonekana kwa macho, ikiandika.

Haikupata kungoja sana. Tarehe 17 Desemba 1971, mwezi mmoja na siku mbili baada ya kurushwa, tufani kubwa ya sumaku ilipiga dunia. Sindano zote za vituo vya nchi za joto zilishuka kama Moos alivyoeleza. Na kwa mara ya kwanza palikuwa na shahidi aliyekaa mle ndani ya pete, mwenye vyombo kamili, akiitazama inavyojengwa. Hoffman na mwenzake Paul Smith walieleza habari hiyo mwaka 1973, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu waliyoyaona ni mazuri na Kiswahili kinayaeleza vizuri kuliko lugha nyingi.

Sisi twasema magharibi kwa maana mbili: upande jua lituapo, na saa jua lituapo. Sasa protoni zilizosukumwa kutoka mkiani, upande wa dunia ulio usiku wa manane, huelekea magharibi, yaani hurudi nyuma katika saa za siku, kutoka usiku wa manane kuja kwenye isha, na kutoka isha kuja magharibi. Explorer 45 ilizikuta zimejaa huko huko, upande wa magharibi kwa maana zote mbili, huku upande wa alfajiri ukiwa bado haujapata fungu lake. Kumbe pete, inapozaliwa, si pete kamili bali ni kipande, kama bangili iliyokatika, uzito wake umelemea jioni. Hata uga wa sumaku uliopimwa na Laurence Cahill kwa chombo chake katika satelaiti hiyo hiyo ulionyesha kwamba himaya ilikuwa imevimba upande huo wa jioni. Ni baada ya saa nyingi, chembe zikiisha kuzunguka, ndipo pete inapofungana.

La pili ni lile ambalo wenyewe waliliita pua. Satelaiti ilipokuwa ikitoka nje kutoka karibu na dunia, chembe za kwanza kukutana nazo hazikuwa zile hafifu kabisa wala zile kali kabisa, bali zile za katikati, na michoro yao ilifanya umbo lililochongoka kama pua. Sababu yake ni nzuri kuitafakari. Chembe hafifu huburutwa mashariki pamoja na mzunguko wa dunia yenyewe. Chembe kali zakimbizwa magharibi na sumaku upesi kiasi cha kutopata muda wa kuingia ndani. Bali ile ya katikati, ambayo nguvu mbili hizi kwake karibu zinalingana, husimama kama mtu avukaye mto mahali maji yalipotulia, nayo huweza kusogea ndani kuliko wenzake wote.

La tatu lilihusu mauti ya pete, kwani kila tufani hupoa. Alex Dessler na Eugene Parker walikuwa wamebashiri tangu 1959 kwamba protoni za pete, zikipita katika ukungu mwembamba wa haidrojeni unaoizunguka dunia, hunyang'anya elektroni kutoka kwa atomu tulivu, zikawa hazina chaji tena, na kitu kisicho na chaji sumaku haikishiki. Basi huruka moja kwa moja, nyingine kuelekea angani zisirudi, nyingine kutuangukia sisi. Vipimo vya Explorer 45 vilipolinganishwa na hesabu hiyo, Smith, Hoffman na Theodore Fritz waliweza kusema mwaka 1976 kwamba upungufu wa protoni katika siku za kupoa kwa tufani ulikwenda kama ilivyobashiriwa.

Na sasa nifikie jambo ambalo mimi binafsi nililiona kubwa kupita yote. Wakati wa tufani ile ile ya Desemba 1971, satelaiti nyingine, iliyorushwa Marekani mwezi Oktoba na kupita chini chini juu ya ncha za dunia, ilikuwa na chombo cha Edward Shelley, Richard Johnson na Richard Sharp, chenye uwezo wa kutofautisha chembe kwa uzito wake. Watu wote walitazamia protoni za jua. Chombo kikahesabu chembe nzito zenye nishati, nao wakazitambua kuwa ni ioni za oksijeni, tena zenye chaji moja, namna ambayo haipatikani katika upepo wa jua, bali hupatikana katika tabaka la juu la hewa yetu wenyewe. Wakaitangaza habari hiyo mwaka 1972. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba himaya ya sumaku ni kikapu kinachojazwa na jua. Ikabainika kwamba dunia nayo humwaga ndani ya kikapu hicho hewa yake. Satelaiti za AMPTE, zilizorushwa Agosti 1984, zilikuja kulithibitisha: katika tufani kubwa ya Februari 1986, pete ilipofika kilele chake, oksijeni iliishinda protoni kwa nishati. Mpanda punda anayepumua hewa baridi ya Ufipa asubuhi hapumui kitu kilicho mbali na pete ile. Ni jamii moja na baadhi ya chembe zake.

Vyombo vya Hoffman havikuweza kuipambanua oksijeni na protoni, kwa hiyo nusu ya siri ilikuwa mikononi mwao wasiijue. Hili si aibu. Nalitaja kwa kuwa mara nyingi husimuliwa kana kwamba chombo kimoja kilifumbua yote, na sivyo: tufani moja ilihitaji macho mawili, moja juu ya ikweta na moja juu ya ncha, na lile la ikweta liliondokea pwani ya Waswahili.

Explorer 45 iliendelea kufanya kazi hadi Septemba 1974. Mwaka huo huo wa 1974 ulizaliwa mkoa wa Rukwa, makao yake makuu yakawa Sumbawanga.

Pengine msomaji atasema kwamba haya yote ni ya angani na sisi tuko ardhini. Mnamo tarehe 13 Machi 1989 tufani ya sumaku iliuangusha mtandao wa umeme wa jimbo la Quebec katika Kanada ndani ya dakika moja na nusu hivi, na watu milioni sita wakakaa gizani saa tisa. Watu wa nchi za joto tulidhani tumesalimika kwa kuwa mbali na ncha. Lakini baada ya tufani za Oktoba na Novemba 2003 transifoma kadhaa kubwa za Afrika ya Kusini ziliharibika, nazo ziko kwenye latitudo ambazo hakuna aliyezihofia. Nyaya ndefu ndizo zinazokusanya madhara, na Sumbawanga kwa miaka mingi imewasha taa zake kwa umeme unaovuka mpaka kutoka Zambia, kupitia nyaya zilizounganika na mtandao mrefu wa kusini mwa bara hili. Sisemi kwamba kila umeme ukikatika hapa mjini lawama ni ya jua. Sababu nyingine zipo nyingi, na za karibu zaidi. Nasema tu kwamba tumeshikamana na jambo hili kwa waya.

Aidha, vituo vinavyoipima pete hii kwa ajili ya ulimwengu si vya matajiri peke yao. Kipimo ambacho wanazuoni hukitumia kila saa kutaja ukubwa wa tufani hutokana na vituo vinne, na kimoja kiko Hermanus katika Afrika ya Kusini, mahali ambapo kituo kilihamia mwaka 1941 kwa sababu treni za umeme za Cape Town zilikuwa zikizifadhaisha sindano zake, sawasawa na Bombay walivyolazimika kuihama Colaba kwenda Alibag kwa ajili ya tramu. Sindano hutaka utulivu. Addis Ababa nako, karibu kabisa na ikweta ya sumaku, kituo kimekuwapo tangu 1958. Katika Ufipa utulivu ni mwingi: ukitoka mjini mwendo mfupi, hakuna treni wala kiwanda, na usiku husikii ila upepo.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu wa fizikia wa shule za sekondari za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ning'inizeni ndani yake, kwa uzi mmoja mwembamba wa hariri, sumaku ndogo iliyogundishwa kipande cha kioo cha kujitazamia. Wekeni sumaku ya pili kando, kwa umbali utakaoifanya ile ya kwanza ielekee mashariki na magharibi badala ya kaskazini na kusini, kwa maana hapo ndipo itakapousikia upungufu wa nguvu ya kaskazini. Fungieni chupa ndani ya sanduku lisilopitisha joto upesi, katika chumba ambacho hakina bati wala baiskeli karibu, mkaelekeze mwanga mwembamba juu ya kioo ili nukta yake iangukie ukuta ulio mbali mita tatu. Pete inapoipunguza sumaku ya Ufipa kwa nanotesla 100, nukta hiyo itasogea kiasi cha sentimita mbili. Wekeni mwanafunzi mmoja aandike mahali ilipo kila saa, na jioni, magharibi, wawe wawili.